Kesi ya Kuku wa Mashine

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla hamjafika mwisho. Mnajua shule niliiacha darasa la tatu, na chuo cha Kurani nilisoma mpaka nikahitimu, basi. Kwa hiyo mnadhani gemu ni mambo yenu, mimi sina langu humo. Juzi nimewaona mmekaa wanne sebuleni, kila mmoja na simu yake, mnazozana nani kamwacha nani nyuma. Kesi hiyo mimi niliisikiliza hapa hapa Malindi, miaka ya themanini, na nikaikata. Sikuikata vizuri mara ya kwanza, lakini niliikata.

Babu yenu alikuwa amekwisha kufariki. Nilikaa na wanangu wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa fundi seremala, ana mke. Mdogo alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya watalii, na alikuwa bado hajaoa. Nilikuwa nimemtafutia mchumba Mambrui, binti wa watu wenye heshima zao, naye mwanangu akaridhika. Tukapeleka maneno, tukajibiwa: njooni Ijumaa, baada ya sala.

Sasa sikilizeni hapa. Posa kwetu haisemwi na mwenye kuoa. Yeye hukaa nyumbani akangoja. Husema baba, na baba asipokuwapo husema mkubwa wake. Mjomba huenda, majirani huenda, lakini neno ni la mkubwa. Wakienda bila yeye, wenyeji watauliza, "Mkubwa wake yuko wapi?" Na kwa swali hilo tu posa imekwisha kufa, maana hakuna atoaye binti yake kwenye nyumba ambayo ndugu hawaelewani.

Jumatatu ya wiki ile ile mwanangu mkubwa alirudi jioni, akamwambia mkewe, "Mimi nipakulie sahani yangu peke yangu."

Wanaume wa nyumba yangu walikula sinia moja. Sahani ya peke yake ilikuwa ya mgonjwa. Nikamuuliza, "Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Sili na mtu anayenyoosha mkono mbele yangu."

"Nani huyo?"

"Muulize mwanao."

"Na wewe u mwana wa nani?"

Akakaa mbali na sinia. Kisha akasema, "Na Ijumaa siendi Mambrui. Aende mwenyewe na kuku wake."

Nilimgeukia mdogo. Alikuwa mlangoni, anataka kucheka na anaogopa. "Kuku gani?" nikamuuliza.

"Kuku wa kwenye mashine, mama."

Nilimwita Mungu wangu siku ile. Posa ya watu, heshima ya marehemu, vyote vimekwama kwa kuku ambaye hana hata mfupa.

Kesho yake alasiri nilivaa buibui nikaenda kwenye duka la sharubati, huko mashine iliko. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, haachi mzaha hata msibani. Mashine ile aliipata kwenye hoteli iliyofungwa, akaiweka kando ya jokofu. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ina kioo mbele, na chini ya kioo vijiti vinne vya kushika, kila kijiti na rangi yake.

"Shikamoo, bibi! Nikupe ya ukwaju au ya embe?"

"Marahaba. Sikuja kunywa. Nieleze kuhusu kuku."

Akapiga makofi kwa furaha, kama aliyengojea kuulizwa. Akanieleza mchezo wenyewe. Watu wanne wanaingia kwenye vyumba vya chini ya ngome: mwenye rungu, mwanamke mwenye mkuki, mzee mwenye taa, na mfupi mmoja mwenye kombeo. Wanatafuta njia ya kutokea. Humo mna mizimu, lakini ni mizimu ya kuchekesha. Mmoja ana mafua, kila akitaka kukushika anapiga chafya, anarudi nyuma. Kuna mifupa inayocheza ngoma mpaka inaanguka vipande. Na milango haifunguki mpaka wote wanne wakanyage mawe manne kwa pamoja. Mmoja akifa, waliobaki hawana njia, watakufa tu.

"Na kuku?"

"Kuku ndiyo nguvu, bibi. Kila mtu ana mstari wake wa mwanga hapa juu ya kioo. Unavyotembea unapungua, ukipigwa unapungua zaidi. Ukiisha, umekufa. Ukila kuku unarefuka. Sasa, ukimkuta kuku chumbani, ni mmoja peke yake. Hagawanyiki."

"Basi si ale mmoja?"

Hapo alicheka mpaka akashika meza. "Bibi, sisi wiki nzima tulikufa mbele ya kuku! Wachezaji ni wanao wawili, mimi, na mwalimu wa Rabai. Tukimfikia kuku, mwanao mkubwa anasema, 'Mwalimu, karibu.' Mwalimu anasema, 'La, mkubwa aanze.' Mkubwa anasema, 'Haiwezekani, wewe mgeni.' Mimi nasema, 'Jamani, bismillahi, mtu aanze!' Hakuna anayegusa. Mizimu inakuja, inatupiga, tumesimama tumezunguka kuku kama sinia la maulidi. Wazungu wawili walikuja hapa kunywa soda, wakatutazama, wakashindwa kuelewa tunaogopa nini."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Ndivyo nilivyowalea. Mgeni kwanza, kisha mkubwa, kisha wengine, kila mtu upande wake wa sinia. Sikujua kwamba adabu yangu imewafuata mpaka ndani ya kioo.

"Na jana?"

"Jana mdogo alimla. Hakumkaribisha mtu. Na mashine ile, bibi, ukila inapiga mbweu, *beuuu*, duka zima lasikia. Watu wakacheka. Naye mdogo akamgeukia kakake, akapiga mbweu kama ile ile, akamwambia, 'Kaka, wewe endelea kukaribisha wageni.' Mkubwa akaacha kijiti, akatoka. Tukafa mlangoni sote watatu."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi? Mchezo ni wa kuchekesha. Mwenye hasira acheze bao."

Hilo lilikuwa neno la mwenye duka, na nililiona jepesi. Nikangoja mwalimu atoke shule. Alikuwa kijana mpole wa Rabai, aliyeletwa kufundisha huku. Alinisalimu akaniita mayo, kama wanavyomwita mama kwao. Nikamuuliza vile vile.

"Mayo, kwangu mimi mchezo huu ni mzuri kuliko mpira," akasema. "Katika mpira mmoja anaweza kutamba peke yake. Hapa hakuna. Na kuku wa jana, mimi nasema alikuwa haki ya mdogo. Mstari wake ulikuwa umebaki kidogo sana. Angekufa, sote tungekufa."

"Mwenyewe alisema hivyo?"

"Hakusema. Niliona."

"Na wewe uliyeona, mbona hukusema?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi ni mgeni pale, mayo. Mgeni haamui nani ale."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo. Kwa mawazo yangu kesi ilikuwa imekwisha: mdogo alikuwa na njaa, mwenye njaa hahukumiwi, mkubwa asamehe. Nikamwita mkubwa nikamwambia hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha akasema, "Mama, sikukasirika kwa kuku. Nilikasirika kwa mbweu." Akaenda zake kupiga randa mbao. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekata kesi isiyokuwa yao.

Jumatano wakati wa chakula cha mchana niliwaambia wote wawili, "Alasiri mtakuja dukani. Mtacheza mbele yangu."

Mkubwa akashtuka. "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema mama yao yu hai."

Wakaja. Mwalimu alikuwapo. Mwenye duka akataka kushika kijiti cha nne, nikamwambia, "Ondoka, nacheza mimi." Akaniletea kiti, nikatia sarafu, nikapewa mzee mwenye taa.

Nisiwadanganye, sikuweza. Nilimgonganisha mzee wangu na ukuta, nikimwambia huku anakwenda kule. Mwanangu mdogo akawa ananielekeza, "Kulia, mama. Kulia kwako, si kwangu." Mwishowe nikamweka pembeni nikamwacha asimame. Nikatazama wengine. Mkubwa alikuwa amesimama mbele yangu na rungu lake. Kila mzimu uliokuja kwangu ulimkuta yeye kwanza. Alipiga, akapigwa, akapiga.

Tukaingia chumba cha pili, na kuku yuko pale kwenye sahani.

Wote watatu wakasimama. "Mama, karibu," akasema mkubwa.

"Karibu mayo," akasema mwalimu.

Nikainua macho kwenye ile mistari ya mwanga. Wangu ulikuwa mrefu, maana nilijificha. Wa mkubwa ulikuwa umebaki kama ukucha uliokatwa.

"Kaka, kula wewe!" mdogo akapiga kelele. "Utakufa!"

"Mama hajala."

"Kula," nikamwambia.

"Tangulia, mama."

"Nakwambia kula!"

Mkono wake ulikuwa juu ya kijiti na haukwenda. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, anapasua mvule kwa msumeno, na hakuweza kumtangulia mamake kwa kuku wa rangi. Mzimu wa mafua ukaja ukampigia chafya, akaanguka. Mashine ikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mdogo akaachia kijiti chake. "Jumatatu mimi nilikuwa hivyo, kaka. Mstari wangu ulikuwa kama huo wako. Hukunitazama. Ulikuwa unamkaribisha mwalimu."

"Ungesema."

"Nitasemaje nina njaa mbele ya mgeni?"

Na ni mimi niliyewafundisha hivyo. Tangu wako wadogo, akiwapo mgeni, mtoto wangu hasemi ana njaa. Akisema nilimfinya. Nilimfinya huyu mdogo hasa, mara nyingi, chini ya kanga yangu, mgeni asione.

Lakini sikutaka apate ushindi wote. Nikamwambia, "Kwa hiyo ukaona aibu kusema una njaa, lakini kupiga mbweu usoni mwa kakako hukuona aibu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha mwenye duka, na nikamwona mkubwa midomo inamcheza.

"Niliona aibu baadaye, mama," mdogo akasema.

"Baadaye ndiyo sasa. Haya."

Akauchukua mkono wa kakake akaubusu, mbele ya watu, mbele ya chupa za soda. Mkubwa hakuuondoa. Lakini juu ya Ijumaa hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimeshamfanya mwanangu acheze na mamake hadharani. Ningemlazimisha na hilo la pili, angekwenda Mambrui na uso uliokunjwa, na uso kama huo huko usingefaa.

Alhamisi alikula sahani yake peke yake. Mdogo hakula kabisa. Nilipika na kuondoa vyombo. Niliwaza nitakavyotuma mtu Mambrui kusema tumepata udhuru, na sikuona udhuru wa kusema.

Ijumaa asubuhi nilimsikia mkubwa akimwambia mkewe, "Ile kanzu ya harusi yetu iko wapi? Na uipige pasi wewe, usimpe yule dobi wa hoteli, ataiunguza."

Mdogo, chumbani mwake, akajibu kwa sauti, "Niletee mimi! Wazungu hawajalalamika!"

"Wazungu hawavai kanzu, mjinga wewe!"

Nikajua atakwenda. Akaenda na mjomba na majirani, akasema, na husifiwa mpaka leo kwa alivyosema. Posa ikakubaliwa. Kuhusu mashine, mkiniuliza mimi, picha zake ni mbovu na kelele zake zinaumiza kichwa. Lakini mwalimu alisema kweli, mtu hawezi kufika mbali humo peke yake. Iliharibika baada ya mwaka kwa chumvi ya bahari, na wanangu walinuna siku mbili.

Harusi ikafanyika. Siku saba za fungate zilipokwisha, bibi harusi alikula nasi mara ya kwanza. Wanaume walikuwa na sinia lao, sisi wanawake letu, mkeka mmoja. Nilimwona yule mtoto wa watu anausogeza wali kwa ncha za vidole, hapeleki kinywani, ananingoja mimi. Mimi nilikuwa namngoja yeye, kwa kuwa ni mgeni. Mke wa mkubwa alikuwa anatungoja sote wawili. Upande wa pili wanaume nao wamesita, wanatutazama.

Nikaweka mkono wangu chini.

"Sikilizeni wote," nikasema. "Kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kungojana. Mwenye njaa aseme, awe mkubwa, awe mdogo, awe mgeni. Atakayekaa kimya na tumbo linalia, atakula jikoni peke yake na paka. Haya, kuleni, wali unapoa."