Mshale wa Baba Mkwe

Mke nilikuwa nimeshapewa. Ibada ilikwisha, nyimbo zilikwisha, hata kuku wa mwisho alikuwa ameliwa. Kilichobaki ni kuwasha pikapu, alimokuwa ameshapanda, na kumtoa Musonoi, mtaa wa wachimba madini, kwenda naye kwangu Tenke, ninakotengeneza friji za watu. Ndipo baba mkwe, dereva mstaafu wa mgodini, alipoingiza kichwa dirishani na kugonga kioo cha saa ya spidi kwa kidole.

“Hii mushale inalala?”

Nikamwambia inalala tangu mvua zilizopita, lakini gari ni zima.

“Mutoto yangu hawezi kwenda mu njia ya bakamyo na motoka yenye haiyue mwendo yake. Shusha bitu.”

Bakamyo ni yale malori ya mgodi yanayojaa barabara ya Tenke. Vitu vikashushwa: godoro, masufuria, na mke wangu. Alikaa juu ya godoro uani, bado ana nywele za arusi, akanitazama kama mtu aliyeuziwa simu mbovu. Niliona aibu, na hasira pia. Mzee huyu aliendesha malori makubwa maisha yake yote bila ajali, na hakuachi usahau hilo.

Nikaenda mjini kutafuta kaptere, kile kidude kinachohisi mwendo wa gari. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unafunga sumaku kwenye kardani, ule mhimili wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma, kisha unakaza kaptere pembeni, ili kila mzunguko sumaku ipite mbele ya pua yake. Zikigusana, unarudi mjini kununua nyingine. Zikiachana sana, mshale unaendelea na usingizi wake.

Nikainua nyuma ya pikapu juu ya magogo na kujilaza kwenye vumbi jekundu. Baba mkwe akavaa kofia yake ya mgodini, akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akanipa kizibao cha kung'aa. Nikamuuliza, nikiwa chini ya gari, nani atanigonga? Akasema kila aliyegongwa aliwahi kuuliza hivyo. Nikavaa.

Kupimia nafasi nilitumia kadi ya mwaliko wa arusi yetu, maana zilikuwa zimebaki tele. Nikaikunja mara mbili, nikaiweka kati ya sumaku na kaptere, nikakaza boliti, nikaichomoa. Kisha nikaunga nyaya, nikaingia kwenye usukani. Baba mkwe alikuwa ameshakaa kando yangu, amefunga mkanda.

“Piga honi kwanza,” akasema.

Mgodini honi moja ni kuwasha, mbili ni kwenda mbele, tatu ni kurudi nyuma. Nikapiga moja, nikawasha. Nikapiga mbili, nikatia gia. Sasa, Musonoi nzima imelelewa na honi hizo. Mtaa ukaruka! Mama wa maandazi aliyekaa mbele ya lango akanyakua beseni lake na kukimbia, mwenye baiskeli akajitupa mtaroni. Kisha wote wakasimama kutazama gari lisilokwenda popote. Mshale nao haukutikisika.

Nikarudi chini. Nafasi ilikuwa kubwa mno, na kaptere ilikuwa inaichungulia sumaku kwa upande. Nikaigeuza zikaangaliana uso kwa uso, nikaikunja kadi mara moja tu, nikakaza upya. Honi mbili tena. Mama wa maandazi akakimbia tena, safari hii akitutukana.

Mshale ukaamka, ukapanda hadi sitini. Baba mkwe akashika mlango kwa mikono miwili.

“Punguza! Uko unaenda soixante mu parcelle ya bantu!”

“Tata,” nikamwambia baba mkwe, “motoka iko imesimama mu kiwanja.”

“Mushale inasema soixante! Punguza!”

Nikapunguza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupunguza mwendo wa gari lililosimama. Kule uani mke wangu alicheka mpaka akaanguka chali juu ya godoro, nami nikajua nimesamehewa.

Tulipopakia upya, mke wangu na masufuria kiti cha nyuma, mzee akasema atatusindikiza mpaka kwenye péage, kizuizi cha kulipia barabara, halafu atarudi kwa pikipiki ya kukodi. Nikapiga honi mbili. Mama wa maandazi hakujisumbua hata kuinua macho. Ilibidi nishuke nimwombe asogee.

Barabarani mshale ukatulia kwenye arobaini.

“Punguza,” akasema baba mkwe.

Nikashuka hadi ishirini. Malori nyuma yetu yakapiga kelele. Péage ilikuwa imeanza kuonekana.

“Punguza tena kidogo.”

“Tata, mushale iko vingt tu.”

Nikamgeukia nimwonyeshe, nikaona haangalii mshale. Alikuwa amepinda shingo kwenda kiti cha nyuma, akimtazama binti yake katikati ya masufuria, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hasira yangu yote ikaniishia. Nikapunguza, mpaka baiskeli za makaa zikatupita.