Kibuyu cha Jumbe

Mimi ni mwoga, wala sifichi. Wanaosimulia habari za uhuru siku hizi huniudhi; kila mmoja eti alikuwa simba. Mimi nilikuwa mke wa mtu aliyejiunga na chama cha kudai uhuru, basi.

Hapa Nyaishozi, enzi za Mwingereza, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishaiva, kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa jumbe, mtu wa mkama, mfalme wetu, hapa kijijini. Kabla yake hakuna aliyeonja. Ukimruka, ungeweza kunyang'anywa kibanja, na kibanja chetu ndicho tulichokuwa nacho: migomba, kahawa, na kaburi la mwanangu wa kwanza.

Asubuhi moja majirani walikuja kwetu kunywa, mume wangu akatangaza kwamba kibuyu hakiendi. "Ndizi zetu, tumezikanyaga wenyewe." Wakaitikia wote. Rahisi kwao! Mpelekaji siku zote nilikuwa mimi, na jumbe angeniuliza mimi.

Hata adhuhuri haijafika akatokea jumbe mwenyewe, na fimbo yake. Nilipiga magoti kumwamkia, "Shikamoo baba."

"Kibuyu changu kiko wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia chini, shujaa yule. Nilimchukia kidogo. Nikawaza mtu mwingine akilima juu ya mwanangu. Mungu ananijua, nilishakishika kibuyu nimpe jumbe.

Ndipo bibi mmoja, mjane jirani yetu, akanyoosha mkono. "Nipe mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyetangulia kufika."

Sijui nguvu niliipata wapi. Nilimpa. Akanywa, akampa aliyekaa pembeni yake, naye akampa mwenzake, polepole. Jumbe alisimama tu. Kila aliyeweka mrija mdomoni, nilisema moyoni, sasa fimbo inashuka.

Kibuyu kikamfikia yeye, wa mwisho. Nilijua akikikataa tumekwisha. Atarudi na askari wa mkama. Alikitazama, akatutazama na sisi, mmoja mmoja. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, na nikasikia mrija unagongagonga meno yake. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.