Kompyuta Yangu Iliniambia Nikamuombe Mtu Mzima

Nina miaka arobaini na nane. Nina mvi kwenye ndevu na mtoto yuko chuo kikuu.

Na kompyuta yangu mwenyewe, ndani ya karakana yangu mwenyewe, iliwahi kuandika hivi mbele ya wazee wawili wa kanisa:

"Ukurasa huu haufai kwa umri wako. Muombe mtu mzima akufungulie."

Mzee Meshack alivaa miwani akasoma tena, safari hii kwa sauti. Mama Hanna hakuhitaji miwani.

"Fundi Sadoki," akasema Mama Hanna, "humu huwa unaangalia nini?"

"Matrekta."

Wakatazamana.

"Matrekta?"

"Yale yaliyooza, mama. Wanachukua moja, wanalivua kutu, wanalipaka mafuta, mwisho linawaka."

Mzee Meshack akakohoa. "Linawaka. Na hicho ndicho wanachokufungia?"

Nikabofya tena, yakarudi maneno yale yale.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana najua hata wewe unayesoma umeshaanza kuniwazia vibaya.

Mimi ni fundi wa mageti hapa Kimandolu. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma. Shule niliishia la saba. Kompyuta nilinunua ya mtumba ili wateja wachague picha za mageti, na intaneti nikavuta humo humo karakanani. Simu natumia ya batani, kwa sababu zile za kioo cheche zinazimaliza.

Kompyuta ikatuharibu.

Mimi nilinasa kwenye video za Wazungu wanaofufua matrekta. Mtu anaokota chuma porini, kimeliwa na kutu, anakaa nacho mpaka kinanguruma. Usinicheke. Kama hujawahi kulehemu huwezi kuelewa.

Mke wangu Ndeshi akanasa kwenye tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa. Anakuja karakanani "mara moja tu", huko nyuma maharage yanakuwa mkaa.

Siku mteja wa Engutoto alipokuja kuchukua geti lake, alinikuta kwenye stuli natazama injini ikisuguliwa. Geti lake bado lilikuwa mabomba yameegemea ukuta. Yule baba alinitukana mpaka mbwa wa jirani akanyamaza.

Princess, binti yetu anayesoma chuo cha Makumira, alikuwa likizo. Akatuita wote wawili.

"Baba, mama, nyie inabidi mfungiwe."

Akakaa kwenye kompyuta, akaingia kwenye mipangilio. Akaeleza kwamba kompyuta inaweza kuchuja mambo ya intaneti, ila inamchujia mtoto. Mtu mzima anaachwa aangalie anachotaka.

"Sasa itatuchujaje?" nikauliza.

"Nawaandikisha kama watoto."

"Wa miaka mingapi?" akauliza Ndeshi.

"Tisa."

Akaweka ule mtandao wa video kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Ili ufunguke, lazima mtu mzima aandike neno la siri. Shida ikawa, mtu mzima ni nani?

Mimi nikasema ni mimi. Ndeshi alicheka vibaya sana.

Ndiye aliyetoa wazo. Kwenye usharika wetu sanduku la sadaka lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mtunza hazina, mwingine anao mzee wa kanisa. Hawezi kufungua mmoja bila mwenzake.

"Na sisi tufanye hivyo," akasema. "Mimi naandika nusu, wewe unaandika nusu. Jumamosi tunafungua pamoja."

Nikaona mwanamke ana akili. Akaandika nusu yake, mimi na Princess tumegeukia ukutani. Nikaandika yangu, wao wamegeukia ukutani.

Na ilifanya kazi! Mageti yakatoka kwa wakati. Maharage yakaiva. Jumamosi tunakaa bega kwa bega, anaandika, naandika, tunatazama Mturuki mmoja na trekta moja.

Kilichoharibu ni mdomo wangu.

Kwaya ya akina mama huwa inafanya mazoezi uani kwetu. Ndeshi alipewa kuongoza wimbo, aimbe peke yake halafu wenzake wapokee. Alifurahi kama mtoto. Siku hiyo nikapita kuchota maji, Namnyaki wa sauti ya tatu akaniita.

"Fundi, sauti ya mkeo umeionaje?"

"Kama grenda ikikata chuma."

Niliulizwa, nikajibu. Basi.

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndeshi alifunga kitabu cha nyimbo, akaingia ndani. Tangu hapo hakuniongelesha tena. Na hakuimba tena. Sio uani, sio kanisani, hata vyombo alikuwa anaosha kimya.

Akiwa na la kuniambia, anampigia Princess huko chuoni, halafu Princess ananipigia mimi.

"Baba, mama anasema inua miguu afagie."

Na Ndeshi amesimama hapo hapo na ufagio.

"Mwambie nimeinua."

"Mama anasema ameona."

Kuomba msamaha sikuomba. Nilijiambia atachoka mwenyewe. Jumamosi zikapita, kompyuta imefungwa, kila mtu na nusu yake.

Ndipo wakaja hao wazee wawili. Usharika unataka geti kubwa la kuingilia, na Mama Hanna ndiye mwenyekiti wa ujenzi. Kazi kama hiyo, kila Jumapili watu wote wanapita mbele yake. Fundi akiipata, hatangazi tena.

Nikataka kuwaonesha lile geti la Engutoto lilivyo leo, unalisukuma kwa kidole linateleza lenyewe. Princess alilirekodi akaliweka mtandaoni. Nikasahau kwamba aliliweka kule kule kwenye matrekta.

Nikabofya. Yaliyofuata umeshayasoma.

"Mama, tatizo ni mipangilio tu," nikasema. "Geti unaweza kuliona hata kwenye simu yako."

"Geti nitaliona," akasema Mama Hanna. "Mimi nataka kujua humu kuna nini mpaka baba mzima umefungiwa kama mtoto."

"Ni binti yangu alinifungia."

"Binti yako!" Mzee Meshack akavua miwani. "Mpaka mtoto wako wa kumzaa ameona aibu!"

Kila nikifungua mdomo nazama. Nikampigia Princess, simu imezimwa, yuko kwenye mtihani. Na hata angepokea, zile nusu hazijui.

Mzee Meshack akachukua kofia yake. "Basi, fundi. Sisi tuvuke tu hapo ng'ambo kwa Lesikar, halafu tutakujulisha."

Lesikar! Mageti yake yanafunguka kwa teke. Lakini wallahi kilichoniuma sio kazi. Niliona Jumapili inavyokuja. Niliona watu wakinipa mkono huku wakiangalia pembeni.

"Subirini," nikasema. "Anayeweza kufungua yuko uani."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Twende wote," akasema Mama Hanna.

Uani kwaya ilikuwa inaimba. Kila wakifika pale pa mtu mmoja, wanaguna tu "mmm, mmm" mpaka papite, halafu wanaendelea. Ndeshi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anamenya ndizi, kisu kinakwenda kasi.

Wakanyamaza waliponiona. Nyuma yangu wazee wa kanisa, mbele yangu akina mama wote wale waliocheka.

"Shikamooni," wakawaamkia wazee. Mimi hakuna aliyenisalimia.

"Mama Princess," nikaanza, "njoo mara moja uandike nusu yako."

Ndeshi akatoa simu. Akampigia Princess. Haikupokelewa. Akairudisha, akaendelea kumenya.

Namnyaki akacheka. "Mtandao hakuna, fundi. Leo ongea mwenyewe."

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?" akauliza Namnyaki.

"Kusema sauti yake ni kama grenda."

"Kumbe ni kama nini?"

Mimi sio mtu wa maneno matamu. Nikisema ni kama ya ndege, hata mbuzi wangejua naongopa. Nikamwangalia mke wangu, nikasema ninachokijua.

"Mama Princess, nikiwa nakata chuma sisikii kitu. Redio siisikii. Simu inaita siisikii. Wateja wanapiga geti kwa mawe, siwasikii. Wewe ukiimba huku uani, nakusikia. Ni wewe tu. Hizi siku umenyamaza, karakana imekuwa kelele tupu. Nisamehe."

Kisu kikasimama.

Mama Hanna alikuwa anatazama juu, kama anayehesabu mawingu ya Meru.

Ndeshi akafuta mikono kwenye kanga. Akanipita, akaelekea karakanani. Sisi wote nyuma yake, wazee, kwaya, na mimi.

Akakaa kwenye stuli, akaandika. Nikageukia ukutani kama makubaliano yanavyosema, nikasubiri zamu yangu.

Nikasikia muziki wa Kituruki.

Nikageuka. Kompyuta imefunguka!

"Subiri," nikasema. "Nusu yangu je?"

"Nusu yako ipi, Baba Princess?"

Ni neno lake la kwanza kwangu kwa wiki nyingi.

"Umeijuaje?"

"Wewe ukiandika unataja kila herufi kwa mdomo. Ukutani kwenyewe inasikika. Hata Princess anaijua, alijikaza asicheke."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Na kwenye kioo pale, kompyuta ikawa imepanga video zilizotazamwa karibuni. Tamthilia, tamthilia, tamthilia. Kila nilipotoka kwenda kufunga mageti ya watu, mwenzangu alikuwa hapa na Waturuki wake. Kufuli zote mbili zilikuwa zinanifungia mimi peke yangu.

"Kwa hiyo ungeweza kunifungulia siku zote hizi?"

"Ningeweza."

"Na hukunifungulia!"

"Kompyuta ilikwambia uombe. Uliomba?"

Mzee Meshack alikuwa amejishika kiuno, machozi yanamtoka kwa kucheka. Akasogea kwenye kioo.

"Hebu tuoneshe hilo trekta, fundi. Tusije tukamhukumu mtu bure."

Nikamuonesha. Chuma kimetolewa topeni, kina kiota cha ndege kwenye injini. Dakika mbili akavuta ndoo akaikalia.

"Kweli litawaka hili?"

"Tulia, mzee."

Mama Hanna naye alikuwa ameshamshika Ndeshi mkono, wananong'ona kuhusu yule mama mkwe wa kwenye tamthilia, kama amekufa kweli au anajifanya. Geti tuliliangalia mwisho kabisa, mara moja, wakasema ni zuri na wakanipa kazi.

Sasa sikiliza wewe unayetaka kufunga kompyuta ya nyumbani. Funga. Ni jambo zuri, nakushauri. Lakini neno la siri msigawane nusu kwa nusu na mwenzako kama bado hujajifunza kumwambia nisamehe. Na kama umeshamkosea, nenda mapema mkiwa wawili tu jikoni. Mimi nilichelewa, nikaenda na wazee wawili wa kanisa na kwaya nzima.