Goti la Kushoto la Fundi Adelard

Adelard alitoka Bukoba akiwa kijana, na kwa miaka ishirini na sita alitandika vigae kwenye sakafu za watu, kuanzia Segerea hadi Kurasini. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti. Mara nyingi alikuwa peke yake ndani ya nyumba tupu, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wenyewe walihamia yeye akiwa ameshaondoka.

Mkewe Avelina alipofariki, aliongeza kazi ili asishinde nyumbani. Mwaka jana goti la kushoto likaanza kuvimba. Kanisani, wenzake walipopiga magoti, yeye alibaki ameketi akitazama migongo yao.

Alikwenda hospitali akiamini atapasuliwa na kuwekewa goti la bandia. Munira, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilikunja goti lake na kulikunjua taratibu.

"Gegedu, ile sehemu laini katikati ya mifupa, imeanza kusagika, baba. Hujafika kwenye upasuaji, ila ukiendelea kupiga magoti kutwa utafika."

"Mie sina kazi nyingine, mwanangu."

"Sijasema uache kazi. Ukikaa tu, misuli italegea, goti litazidi. Badilisha namna unavyoifanya. Na mazoezi, nyumbani nani atakukumbusha?"

Adelard aliteremsha mguu wa suruali. "Niandikie," akasema.

Karatasi aliibandika ukutani. Kila asubuhi alikaa kitini, akanyoosha mguu, akahesabu hadi kumi kwa sauti. Siku nyingine hakuongea neno jingine mpaka afike kazini.

Kumwambia Khalfani, msimamizi wake, kulimchukua wiki mbili.

"Sakafu siziwezi tena. Nipe kuta."

Khalfani aliutazama mguu. "Ungesema mapema, braza. Kuta wengi wanazikimbia."

Tangu hapo Adelard hubandika kuta za bafu na jiko akiwa amesimama, na vigae hukatia mezani. Panapokuwa chini sana hukaa kwenye kigoda.

Baada ya miezi minane uvimbe ulipungua. Munira alimwambia habari ya upasuaji waiweke kando kwa sasa. Alitoka hospitali akitamani kumweleza mtu, akafika nyumbani Segerea hajapata wa kumweleza.

Kesho yake wenzake walikuwa sebuleni wakitandika sakafu na kucheka. Yeye alikuwa bafuni, akipaka saruji nyuma ya kigae.

"Mzee Adelard, upo?" mmoja akauliza.

"Nipo," akajibu, akakibandika.