Isale Alilopokea Salvina

Salvina alikuwa na mabinti watatu, mtoto wa kiume hakujaliwa. Kule Kibosho kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, hurithiwa na wana wa kiume, kwa hiyo mumewe alipozikwa mgombani mwaka 1995, watu walianza kumtazama mjane kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Yeye alikuwa na jibu moja tu: Mungu ameahidi kumtegemeza mjane, na Mungu si binadamu hata asahau.

Tena shemeji yake Rogath alisimama siku ya matanga mbele ya ukoo mzima: "Nikiwa hai, shemeji hang'oki hapa!" Salvina akaona ahadi ya Mungu imemjia kwa miguu miwili.

Mwaka wa pili, Jumamosi asubuhi, Rogath alikuja na wazee wawili. Mkononi alishika jani la isale la kuombea msamaha, lililofungwa fundo. Isale ukiletewa hukatai, na ukishalipokea, kosa limekufa; atakayelifukua ndiye mkosaji.

"Shemeji, nimekukosea," alisema, macho chini.

"Ni yule mbuzi wako aliyekula maharage yangu?" Salvina akacheka. "Kwa hilo tu umewasumbua wazee?"

"Na mengine. Binadamu tuna mengi."

"Haya, na hayo mengine. Lete."

Akalipokea kwa mikono miwili, akawamiminia mbege. Rogath hakumaliza yake.

Jumatatu Salvina alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akakuta vijana wanachimba msingi katikati ya migomba yake. Mibuni ya mumewe ilikuwa imelala, mizizi juu. Rogath alikuwa anavuta kamba ya vipimo.

"Shemeji, hii nini?"

"Nyumba ya Fredy. Kijana anataka kuoa."

"Kwenye kihamba changu?"

"Cha kaka yangu." Hakugeuka. "Na isale ulishapokea."

Salvina alisahau kutua mzigo. Alikwenda nao hivyo hivyo hadi kwa mzee Wenseslaus, mmoja wa wale wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tua majani."

"Mlijua?"

Mzee alinusa ugoro taratibu. "Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema, 'na hayo mengine.'"

"Nauliza kama mlijua."

"Ng'ombe wako ameshazaa?" akauliza mzee.

Jumapili kanisani Rogath alikaa benchi la mbele ya Salvina. Padre aliposema watakiane amani, Rogath aligeuka, akanyoosha mkono huku anatabasamu, watu wanaona.

"Amani, shemeji."

Salvina alishika rozari kwa mikono yote miwili. Binti yake mkubwa, Gladys, akamnong'oneza, "Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akafumba macho. Ee Mungu, alisema moyoni, ahadi ni yako, sijaiacha. Lakini safari hii usimtume shemeji.

Kesho yake alivaa viatu vyake vya kanisani, akateremka na utelezi hadi baraza la kata. Njiani mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa alimpigia kelele: "Salvina! Tangu lini mwanamke akashinda kesi ya kihamba pale?"

"Bado," akajibu, bila kusimama.

Alikuta mlango umefungwa, karani hajafika. Akafuta umande kwenye benchi kwa ncha ya khanga, akakaa wa kwanza.