Pampu ya Kuzimia Moto

Nilizaliwa mtaa wa Makongeni, mbali na pwani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na sikuiona bahari mpaka nilipojiunga na jeshi. Nilipanda cheo baada ya cheo hadi nikakabidhiwa manowari. Watu wa mtaa walidhani kazi yangu ni kusafiri. Ukweli ni kwamba miaka yangu mingi ya ukamanda iliishia mezani, nikiomba vipuri ambavyo havikuja.

Kabla ya mazoezi fulani makubwa, sajini wangu wa injini alinijia akaniambia kwamba pampu ya kuzimia moto haina nguvu tena. Nilimwamini, maana hakuwa mtu wa kulalama. Lakini wakubwa walikuwa wameshapiga simu mara mbili wakitaka kujua tutang'oa nanga lini. Nilichukua fomu, nikaandika kwamba meli iko tayari, nikatia sahihi.

Siku ya tatu baharini, moto ulizuka chumba cha injini. Pampu haikutoa maji ya kutosha, ukazimwa kwa shida, tukarudi bandarini, lakini sajini aliungua mikono yote miwili. Uchunguzi ukasema ni ajali. Yeye alistaafishwa kwa ulemavu. Mimi nilipandishwa cheo.

Mwaka huu, nami nikiwa nimestaafu, nilimtafuta. Anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita. Nilipumzika mara tatu kwenye ngazi, magoti yakiniuma. Mkewe alinikaribisha, akamimina chai, akamshikia mumewe kikombe anywe.

Sajini ndiye aliyeanza. "Afande, siku ile nilipokuambia kuhusu pampu, ulinielewa?"

"Nilikuelewa. Niliandika tuko tayari nikijua hatuko."

Aligeukia dirisha. Nje nguo za jirani zilikuwa zikidondosha maji.

"Hapa nyumbani wamekuwa wakijiuliza kama ni mimi niliyezembea," akasema. "Iandike hiyo, afande."

Niliiandika palepale kwenye karatasi ya daftari, nikaweka jina na cheo. Mkewe aliisoma, akarudi mwanzo akaisoma tena, kisha akatoka akasimama kwenye korido peke yake.

Nakala niliipeleka makao makuu ya jeshi. Wiki iliyopita nikaitwa. Afisa aliyenipokea, mwanamke mpole, aliniuliza kama ninaelewa kwamba utumishi wangu wote utatiwa doa. Nikamwambia ninaelewa, na kwamba nimechoka. Akavuta kiti karibu, akaanza kuniuliza habari za pampu.