Mfungwa Anayefyeka Nyasi za Zahanati

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Nje, kijana mmoja alikuwa akifyeka nyasi. Mama aliyekuwa mbele yangu alimkazia macho, kisha akatoka kwenye foleni akamwendea.

"Wewe si ulifungwa?"

Kijana akaacha kufyeka. Fyekeo lilikuwa bado mkononi, na foleni nzima ililitazama hilo fyekeo.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Mama hakuitikia. Alitugeukia sisi. "Huyu ndiye aliyemvunja mume wangu mkono walipogombea duara!"

Duara ni shimo la dhahabu, na huku watu huumizana kwa ajili yake.

Mtendaji wa kijiji akaja mbio kutoka ofisi ya jirani. Kijana akaweka fyekeo chini taratibu, akarudi nyuma.

"Mama, yuko kifungo cha nje," mtendaji akasema. "Anamalizia adhabu yake kwa kazi hapa, namsimamia mimi."

"Na mimi nani aliniambia?"

Mtendaji akasema, "Basi, nitamhamishia shuleni."

"Hapana. Abaki hapa nimwone. Ukimhamisha nitashinda najiuliza yuko wapi."

Akarudi kwenye foleni, macho yake kwa kijana.

Magereza yamejaa, na kifungo cha nje sikipingi. Lakini jela ikihamia kijijini, aliyeumizwa asiwe wa mwisho kujua. Mtendaji alirudi ofisini kwake na kufunga mlango. Aliyebaki akimsimamia mfungwa ni yule mama.